Karpi wa Kilo Ishirini na Mbili

Leo siwapigii kelele. Nawapa habari ya samaki, na nyinyi wa viti vya nyuma mnaochungulia saa, samaki mwenyewe ni mkubwa, vumilieni kidogo.

Kulikuwa na mvuvi mmoja wa ndoana, kule nyanda za juu kwenye baridi, kwenye bwawa lenye karpi. Mnamjua karpi? Samaki mnene, ana sharubu fupi, na ni mjanja kuliko wengi wetu humu ndani. Watu wa bwawa lile walikuwa na desturi yao tangu enzi za babu zao: karpi mkubwa haliwi. Unamvua, mlinzi wa bwawa anampima ndani ya gunia lililoloweshwa, kisha unamrudisha majini akiwa hai. Akiwa amewapita wote kwa uzito, jina lako linachongwa ubaoni. Akifa mikononi mwako, hakuna jina.

Sasa huyu bwana alikuwa na donda moyoni. Marehemu baba yake alivua pale maisha yake yote, na hakuna siku aliyowaonyesha majirani samaki wa maana. Wakamwita Mzee Patupu. Mtoto naye akakua akiitwa mwana wa Patupu. Inauma, jamani! Akaapa: nitavua samaki wa kuwaziba midomo watu hawa.

Akakanda ugali kwa asali, akautia kwenye ndoana, akakaa kungoja. Miaka kumi na moja! Sisi tukiomba wiki mbili tu bila jibu tunanuna. Asubuhi moja mshipi ukavutwa. Wakavutana saa nzima, viganja vikamchubuka, mpaka karpi akachoka akalala ubavu kwenye matete. Mlinzi wa bwawa, mama mmoja asiyetaka mchezo, akaja na mzani wake. Kilo ishirini na mbili! Hajawahi kuvuliwa wa kumfikia.

“Hongera, baba,” mama akasema. “Haya, mrudishe upesi, anaishiwa nguvu.”

“Nimrudishe?” Bwana akalikumbatia gunia. “Mama, huyu naenda naye sokoni, wamwone kwa macho yao. Ubao wenu nani anausoma?”

“Ukimtoa hapa, rekodi huna.”

“Na nikimwacha, nani ataniamini? Wataniita Patupu kama baba!”

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Usijibu haraka kwa sababu tu uko kanisani.

Mama hakubishana. Walinzi wa pale wana daftari kuukuu wanamochora magamba ya kila karpi mkubwa, maana karpi wa bwawa lile hawafanani magamba, kila mmoja na yake. Akalifunua, akatazama ubavu wa samaki, akatazama tena daftari. Akamgeuzia ukurasa. Yaleyale: magamba matatu makubwa ubavuni, na moja limekaa mshazari karibu na mkia. Pembeni yake limeandikwa jina la baba yake. Kilo sita. Kilo tisa. Kilo kumi na tatu. Mara tatu mzee alimshika samaki huyu, mara tatu akamwachia, akaenda zake nyumbani kuchekwa.

“Angemchukua yeye,” mama akasema, “leo wewe ungevua nini?”

Yule bwana alilia, tena kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Akaingia majini hadi kiunoni, akamshikilia karpi taratibu mpaka akapata nguvu, akapiga mkia, akazama.

Ndugu zangu, sisi tunao akina Patupu wetu. Baba aliyekufa bila kujenga nyumba ya mabati. Mwalimu wa watoto wa Jumapili ambaye hata jina lake hatulikumbuki. Tunawaonea haya! Na hii imani tunayojivunia leo, unadhani ilianza na wewe? Kuna mtu aliishika ikiwa ndogo, akakuachia.

Sasa iko mkononi mwako, na mkono wako umekaza kweli. Mjukuu wako bado hajazaliwa. Siku moja atakaa mahali hapa ulipokaa wewe, ana shida zake, anangoja. Atakuta nini? Mimi nina matumaini nanyi, ndiyo maana nawagombeza. Achia kitu, mpendwa, achia kingali hai.