Semeni na Zimwi la Macho Saba

Paukwa!
Pakawa!
Kaeni vizuri.
Tumekaa, sema.

"Mtama wa kukijaza," alisema Semeni. "Bei ya chungu hiki ni hiyo. Kijae mpaka mdomoni, pungufu sitaki."

"Mazimwi hatununui," likasema zimwi. "Nakibeba, na wewe nakutia ndani, nikakupike."

"Uzimwi wako uuache kwenu. Hapa wewe ni mteja."

Basi Semeni alikuwa mfinyanzi, na hasira zake hazikuwa mbali. Wenzake wote walikwishakimbia. Yeye alibaki, maana chungu kile, kikubwa kama banda la mbuzi, alikifinyanga miezi mitatu. Na kijijini kwao tangu zamani chungu kilinunuliwa kwa kujazwa nafaka. Akainua uso alitukane zimwi vizuri.

Hapo wakatazamana.

Zimwi lilikuwa na macho saba, lakini lilizoea kufumbua mawili tu, mengine yamelala. Likafumbua la tatu. Likafumbua la nne. Likafumbua yote saba, na yote saba yakamtazama Semeni.

Semeni naye akalisahau tusi lake. Akajikuta anajifuta udongo shavuni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja.

"Unatazama nini?" akauliza.

"Natazama tu," likasema zimwi. "Mtama ninao ghalani. Kesho naleta."

"Lete."

Kesho yake zimwi likaja na mzigo kama kilima, likamimina. Chungu kikabakiza kibaba kimoja kijae.

"Bado," akasema Semeni.

"Kesho naleta," likasema zimwi.

Lilipoondoka, Semeni akawaza. Kesho kitajaa, litabeba chungu chake, litakwenda zake. Moyo ukamuuma. Basi mwanamke yule, ambaye hakuwahi kumpunja mtu hata punje, akachota kibaba kimoja akakificha.

Siku ya pili zimwi likaleta kibaba kimoja, likamimina.

"Bado," akasema Semeni. Zimwi likaondoka. Akachota kingine.

Siku ya tatu likaleta kibaba kimoja, likamimina.

"Bado," akasema Semeni. Zimwi likaondoka. Akachota kingine.

Mtasema, macho saba yote hayakuona? Yangeonaje? Hakuna hata moja lililokuwa likitazama chungu.

Siku ya nne zimwi likaja taratibu, likamimina kibaba kimoja. Semeni akasema, "Bado," lakini sauti haikutoka sawasawa.

"Basi nimeshindwa," likasema zimwi. "Ghala langu tupu. Chungu baki nacho, na mtama baki nao. Nimekuwa nikija nikuone, sasa sina cha kujia. Kwaheri, Semeni."

Likageuka. Jicho moja la pembeni ndilo lililobaki likimtazama, nalo lilikuwa na machozi.

"Rudi hapa," akasema Semeni. "Mimi ni mwizi."

Zimwi likasimama.

"Nimekuibia vibaba vitatu. Nilitaka urudi. Kila siku nilitaka urudi, nikaona aibu kusema. Vitatu vyako hivi hapa, kwenye kikapu. Vipime mwenyewe."

Zimwi likaketi chini. Likatazama kikapu kwa jicho moja, na Semeni kwa sita.

"Kumbe unaiba vibaya hivyo," likasema. "Hata kuficha hujui."

"Sijazoea. Na wewe unataka kumpika nani sasa?"

"Simpiki mtu. Nina njaa tu."

"Basi chukua mtama wako."

"Mtama mbichi siutaki," likasema zimwi. "Nitasaga mimi, utasonga wewe, tutakula wote. Vibaba vitatu, Semeni. Nilipe ugali, na unilipe leo."

Hadithi yangu naitua hapo, mwenye kuitaka aibebe. Ukitaka mtu abaki, mwambie abaki. Usimpunje kipimo.