Pipa la Mzee Chiwanga

Hapo zamani, meno yangu yote yakiwa bado kinywani, kule Dodoma kwenye zabibu aliishi mzee asiye na mtoto, jina lake Chiwanga. Alikuwa na shamba moja na wapwa watatu. Wendo ndiye aliyelipalilia shamba hilo miaka kumi na miwili. Hakuwa na lingine, wala pa kwenda.

Mwaka mmoja Wendo akakamua zabibu, akatia mvinyo kwenye pipa la mbao. Siku ya kuonja, loh, ulikuwa mkali wa kukunja uso. Wendo akalia. Akamwachia kaka yake Mnyukwa ufunguo wa ghala lenye pipa, autoe mvinyo huo baada ya miezi sita wanywe walevi wasiochagua.

Lakini kwenye karamu ya mavuno Wendo akasahau kumwekea Mnyukwa maini ya mbuzi. Maini tu, jamani! Mnyukwa akanuna, akaapa ghala halifunguliwi mpaka aombwe radhi. Wendo naye kichwa kigumu, hakuomba. Ikapita miaka mitatu, ugomvi ni maini yale yale.

Mpwa wa tatu, Ndahani, hakununa. Alipanda juu ya paa la ghala. Kila Jumamosi, watu wakiwa mnadani, anaondoa bati, anashusha mpira wa maji mpaka ndani ya pipa, anafyonza. Kisha, akiogopa pipa lisije likaonekana limepungua, anajazia mvinyo mtamu wa zabibu zake nyeusi. Anafyonza, anajazia, miaka mitatu. Bidii hiyo angeipeleka shambani tungemwita bwana.

Siku moja Mzee Chiwanga akachoka na wanunaji, akavunja kufuli. Akaonja. Mvinyo ulikuwa mzito, laini, ukishaumeza bado unakaa mdomoni. Mzee akatangaza kwamba aliyeufanya hivyo ndiye atakayerithi shamba.

Hapo ndipo wanunaji na wezi wakageuka mafundi. Wendo akasema zabibu ni zake na jasho ni lake. Mnyukwa akasema, "Nisingenuna, mngeunywa ungali mkali. Umekomaa kwa hasira zangu." Ndahani akakiri wizi wake bila haya. "Mjomba, mimi ndiye niliyeuchanganya. Tena kila wiki nimeuonja. Hawa wenzangu waliwahi hata kuujulia hali?"

Mzee akasema uonjwe tena ili kuhakikisha. Wazee wenzake wakaja kusaidia. Wakahakikisha, wakahakikisha, mpaka kikabaki kikombe kimoja. Ndipo mtu akakumbuka kwamba Wendo hajaonja.

Wendo akanywa taratibu. Machozi yakamtoka.

"Mjomba," akasema, "siwezi kukudanganya. Huu si mvinyo wangu. Wangu haukuwa mzuri hivi."

Mzee akabaki na pipa tupu mbele yake, na wapwa watatu wakimtazama mdomo.

Haya, ninyi mliokuwa mnacheka, mbona kimya? Mmoja alitoa jasho, mmoja alinuna, mmoja aliiba. Wa jasho amesema kweli, na kweli hiyo inaweza kumtoa shambani. Je, shamba lilimstahili nani?