Mistari Iliyoanza kwa Nukta

Mtu mmoja alikuwa na programu aliyoiandika kwa mikono yake mwenyewe. Programu hiyo iliongoza mashine za kutotolea vifaranga, ikipima joto na kugeuza mayai kwa wakati wake, na wafugaji wa milimani waliipata bure. Mtu huyo, jina lake Anyelwisye, hakuwa na mke wala mtoto. Alitaka angalau kazi yake impatie watu.

Kila programu huenda na maelekezo yake. Anyelwisye aliyaandika humo humo ndani ya programu, na mtambo mwingine, wa kompyuta wa kutengeneza kurasa, ukayakusanya, ukayapanga katika kurasa na kuzituma kwa wafugaji bila yeye kuzigusa. Naye alikuwa na desturi moja. Mstari aliouthamini kuliko mingine aliuanza kwa nukta, kama mtu anayegonga meza kidogo kabla ya kusema neno zito. Aliweka nukta mbele ya onyo kwamba umeme ukikatika na kurudi, joto lipangwe upya kwa mkono, maana mashine husahau. Aliweka nukta pia mbele ya mstari wa mwisho, penye jina lake na namba yake ya simu, alipoandika: ukikwama nipigie, au njoo nyumbani, nipo.

Asichokijua ni kwamba kwa mtambo ule, mstari unaoanza kwa nukta si neno la watu. Ni amri kwa mtambo wenyewe. Mtambo uliisoma amri, haukuielewa, ukaimeza kimya kimya na kuendelea na mstari unaofuata.

Basi akangoja. Mwanzoni aliwatetea wafugaji moyoni mwake, kwamba wana shughuli nyingi, watapiga mvua zikipungua. Mvua zilipungua, zikaja nyingine, simu haikulia. Jioni alifungua maneno yake akayasoma tena kama alivyoyaandika, akayaona yamenyooka na yana upole, akajiuliza ni mtu gani asiyeguswa na maneno kama haya. Akaamua kwamba watu wa milima ile hawana shukrani. Akaacha kuwasalimia sokoni. Mwishowe akaacha hata kwenda misibani, na kwetu mtu asiyekwenda misibani amejizika mwenyewe. Aliumia, tusimfiche. Alikula chakula chake amesimama jikoni, kwa kuwa kukaa mezani peke yake kulimchoma.

Siku moja mwanamke mfugaji, Tusekile, alikuja mlangoni pake akiwa na kurasa za maelekezo zilizolowa pembeni. Jirani mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba mwenye programu ni yule asiyesalimia watu. Umeme ulikuwa umekatika kwake na kurudi, mayai yote yakapoa ndani ya mashine, na alikuwa ameweka tumaini lake la mwaka mzima humo. Anyelwisye alimsikiliza bila kumkaribisha kiti. Kisha uchungu wa miaka ukamtoka. Akamuuliza kwa ukali kwa nini hakusoma onyo, na kwa nini yeye na wenzake wote hawakumpigia simu hata kusema asante.

Tusekile alimtazama kwa mshangao, akasema, "Kaka, ukurasa wako hauna onyo wala namba, hata jina lako halimo, sisi tulidhani hutaki kusumbuliwa."

Anyelwisye akamnyang'anya zile kurasa ili amwonyeshe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzishika. Alitafuta onyo, hakuliona. Alitafuta jina lake, hakuliona, wala hapakuwa na pengo lolote. Sentensi ya juu ilikuwa imeungana na ya chini vizuri kabisa, kana kwamba katikati hakuna mtu aliyewahi kusema kitu. Kilichobaki ni namna ya kufuta vumbi na maana ya taa nyekundu. Akakaa kwenye kiti ambacho hakumpa mgeni, akalia mbele yake.

Siku ile ile, alipolinganisha na kuona kwamba mistari iliyopotea ni ile ya nukta tu, aliondoa nukta zote, na mtambo ukatoa maneno yake mazima. Tusekile akawa anampigia, na baadaye wengine wachache. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kubandika zile kurasa za zamani kwenye mabanda yao, nao walikuwa wamekwisha kumweka katika hesabu ya watu wenye kiburi. Na wale waliozikwa wakati yeye amekaa ndani na kinyongo chake hakuweza tena kwenda kuwazika.

Nawe unayenung'unika kwamba umeita miaka yote na hakuna aliyeitika: umewahi hata siku moja kwenda kusimama mahali anaposimama unayemwita, ukasikia ni kitu gani hasa kinachomfikia?