Wachungaji Watano wa Mzee Hango

Usihesabu wachungaji, uliza malisho.

Mmeisikia jana kwenye kikao cha ukoo, mkacheka. Nyinyi mnaonyeshana simu, mifuko minne ya uwekezaji, huu wa kijani, huu wa buluu, halafu mzee mmoja pale kwenye kona anawatajia wachungaji! Mkaona umri umemzidi. Haya, kaeni, na hizo simu zizimeni. Yule mzee akili zake ni timamu, na methali hiyo haikutoka kwa mababu wa kale kama mnavyodhani. Aliyeisema kwanza nimemjua, ugali wake nimeula. Chanzo chake ni hiki.

Huko kwetu Singida aliishi mfugaji aitwaye Hango. Ukifika kwake ungemwona maskini: boma dogo, ng'ombe wachache, mbwa mmoja mvivu. Lakini Hango alikuwa tajiri, ila utajiri wake haukulala nyumbani. Mnajua desturi yetu. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki wa mbali. Mmoja anamwekea mlimani, mwingine bondeni, mwingine ng'ambo ya ziwa. Rafiki anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama ni wa mwenye mali. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikiingia bondeni, wa mlimani wanabaki. Ukame ukiukausha mlima, wa kando ya ziwa wananywa. Kwa njia hiyo Hango alivuka miaka mibaya iliyowafilisi wenzake.

Kazi ngumu ilikuwa kumchagua rafiki wa kumwekea, na hapo Hango hakuwa na mpinzani. Alifika kwa mtu bila taarifa, akaketi, akala alichopewa. Aliangalia mwenyeji anavyosema na mkewe na anavyomshika ndama mgonjwa. Aliuliza babu yake ni nani na alikufa akidaiwa na nani. Akitoka hapo alikuwa ameshajua kama ng'ombe wake atarudi au ataambiwa aliliwa na fisi. Katika maisha yake yote hakuibiwa hata mtamba.

Halafu mkewe, Felista, akaanza kuvimba miguu. Wakadhani ni uzee, wakadhani ni chumvi. Hospitali wakaambiwa figo zote mbili zimekufa, na kwamba bila kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kila wiki, maisha yake yote, hatafika mavuno.

"Mara tatu kila wiki?" Hango aliuliza. "Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho, mzee," daktari akamjibu.

Wakahamia Dodoma kwa binti yao Elisifa, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na chumba cha ziada. Bima hawakuwa nayo, na mashine haipokei ndama. Hango aliwakusanya ng'ombe wake kutoka kwa marafiki wote, akawapeleka mnadani. Wale waliomwona siku ile wanasema aliwapapasa shingo mmoja mmoja akiwataja kwa majina, na wa mwisho alipopandishwa lori alilia bila kujificha.

Sasa alikuwa na fedha nyingi na hofu kubwa zaidi. Elisifa alitaka ziwekwe benki wawe wanazichota. Hango akakataa.

"Ng'ombe hunywewa maziwa, mwanangu. Ukianza kumkata miguu, utakula siku ngapi? Mama yako anahitaji maziwa."

Ndipo Elisifa akamweleza kuhusu mifuko ya sokoni. Kuna watu wenye utaalamu, alisema, wanakusanya fedha za wengi, wananunua hisa za makampuni na hatifungani, yaani wanayakopesha makampuni na serikali kwa riba. Mfuko wenyewe unauzwa soko la hisa kwa vipande. Unanunua vipande vyako leo, ukibanwa unaviuza kesho. Na kila baada ya miezi mitatu unapata gawio, yaani fungu lako la faida.

Hango aliuelewa mfuko haraka kuliko wasomi wengi. Meneja wa mfuko ni rafiki unayemwekea ng'ombe. Gawio ni maziwa. Alitaka maziwa yasiyokatika, alitaka mali isipotee, na kwa hiyo hakutaka kumpa rafiki mmoja kila kitu. Angetafuta watano.

Akapanda treni kwenda Dar es Salaam, na kule akafanya alichokijua. Aliingia kila ofisi bila taarifa, na fimbo yake mkononi. Aliketi akiangalia meneja anavyosema na mfagizi. Vipeperushi walivyompa alivikunja akavitia mfukoni. Aliuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Babu yako alikuwa mtu wa namna gani?" Wengine walimcheka, na hao aliwaacha. Akabaki na watano waliomjibu kwa adabu. Mmoja alikuwa kijana aitwaye Kidanka, mwenye tai, lakini utotoni alichunga mbuzi huko Iramba. Mwingine alikuwa Bi. Mwantumu, mama mtaratibu aliyesimamia mfuko uliosifiwa kwa usalama. Wa tatu aliendesha mfuko wa kipato, wa nne wa viwanda, wa tano wa wastaafu. Majina matano, ofisi tano, mitaa mitano. Hango aliwagawia fedha zake sawasawa, akarudi Dodoma akiwa na amani.

Na maziwa yalitoka! Mwaka ule na uliofuata, gawio liliingia bila kukosa. Felista alikwenda kwenye mashine yake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akirudi anadai uji wa ulezi na kumtania mumewe.

"Baba Elisifa, siku hizi unachunga bila kukanyaga mavi."

"Tena silipi mchungaji," Hango anamjibu, na wote wanacheka.

Asubuhi moja Elisifa alitoka chumbani na simu mkononi, hata salamu hakutoa. Uso wake ulimtisha baba yake.

"Baba, vipande vimeanguka."

"Vya nani?"

"Vyote. Mifuko yote mitano. Jana na leo. Wanasema na gawio la robo hii halipo."

Hango alimwangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Hiyo simu imeharibika. Ng'ombe wa maboma matano hawafi siku moja. Hata tauni haikufanya hivyo." Elisifa akaizima simu, akaiwasha tena. Mifuko mitano ilikuwa palepale, yote myekundu. Hango akaichukua fimbo yake.

Treni ya kwanza ikamkuta kituoni. Njia nzima alikuwa na wazo moja tu, kwamba ameibiwa. Amezeeka, jicho lake limekufa, na mmoja wa wale watano, au wote, ni mwizi. Alikwishapanga na maneno ya kumwambia mwizi huyo.

Alimwendea Kidanka kwanza. Kijana alisimama kabla hajaambiwa, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ng'ombe wangu wamekufaje?"

"Ni kiwanda cha saruji, mzee. Tanuri kubwa limepasuka, kimefungwa, na kumbe kilikuwa na madeni makubwa. Kilikuwa kinatoa gawio nono kuliko kampuni yoyote, ndiyo maana tulinunua hisa zake kwa wingi. Sitakudanganya, tulizidisha."

Hango akapumua. Ilikuwa hasara, lakini ya mmoja. Akavuka mtaa kwenda kwa Bi. Mwantumu, ule mfuko wa usalama. Mama yule akamvutia kiti mwenyewe.

"Sisi hatukununua hisa nyingi, baba yangu. Hisa zina vishindo. Sisi kazi yetu kubwa ni kukopesha, tunanunua hatifungani."

"Vizuri. Mlimkopesha nani?"

Bi. Mwantumu akainamisha kichwa. "Wapo wawili watatu. Lakini fungu kubwa lilikwenda kiwanda cha saruji."

Hango akasimama. Alitoka, akasahau fimbo, ikabidi mlinzi amkimbizie. Kwa wa tatu hakuketi hata kidogo. Wa tatu akasema saruji. Wa nne alipofungua mdomo Hango alimwekea mkono mbele ya uso, kama mtu anayekinga vumbi, lakini neno likatoka vilevile. Wa tano, huyu wa wastaafu, alikuwa na hisa za saruji na hatifungani za saruji.

Wajukuu zangu, mtu akiibiwa ana pa kwenda. Anakwenda polisi, anakwenda kwa wazee, analaani. Hango alisimama kwenye jua la Dar akitafuta mwizi wa kumlaani, hakumpata. Watu wake watano walikuwa safi, kama alivyowaona siku ya kwanza. Hilo ndilo lililomshtua kuliko fedha zenyewe, hadi akakaa kwenye ngazi za jengo la watu.

Alirudi kwa Kidanka kwa sababu hakujua aende wapi.

"Kwa nini hukuniambia mnalisha sehemu moja?"

Kidanka akajikaza asilie mbele ya mzee. "Hukuniuliza, mzee wangu. Ulipokuja uliniuliza babu yangu ni nani, nikakujibu. Tulichonunua tunakitangaza kila mwezi, hata kwenye kile kipeperushi kimo. Ungeniuliza, ningekuambia. Mungu anaona, ningekuambia."

Na ni kweli. Msimcheke Hango, kwa sababu kule kwetu swali hilo halikuwa na maana. Rafiki wa mlimani analisha mlimani, atalisha wapi pengine? Rafiki wa ziwani ananywesha ziwani. Ukishahesabu wachungaji, umeshahesabu na malisho. Maisha yake yote ardhi ilimjibia swali, kwa hiyo hakuwahi kujifunza kuliuliza. Mjini wachungaji watano wanakaa mitaa mitano, na asubuhi wote wanapeleka makundi kwenye majani yaleyale kwa sababu ndiyo marefu.

Alipofika Dodoma alimweleza Felista kila kitu. Felista alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Sasa mashine?"

Wakauza vipande kwa bei ya kutupa, maana mwenye kuuza akiwa na shida mnunuzi anajua. Elisifa akakopa kwa walimu wenzake. Mara tatu kwa wiki zikawa mbili. Mzee akarudi minadani, na umri ule, kuswaga ng'ombe wa watu kwa ujira. Mbili zikawa moja. Felista akaacha kudai uji, kwa kuwa maji yote aliyokunywa yalibaki mwilini. Miguu ikavimba tena, kisha uso. Hango alimkanda kila jioni kwa kitambaa, akimwomba msamaha, naye akimwambia anyamaze, amkande.

Miaka miwili baadaye kiwanda kile kilipata wenye mtaji, tanuri likajengwa upya, na vipande vikaanza kupanda. Wataalamu wakasema redioni kwamba mwekezaji mvumilivu hapati hasara. Huenda ni kweli. Lakini figo hazikujua kuvumilia, na Felista alikuwa amezikwa kabla saruji ya kwanza haijatoka.

Tulimzika nyumbani Singida. Nilikuwepo, nilipika. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanatoka makaburini, likaingia gari la Dar, wakashuka watu watano waliovaa nguo nyeusi. Walikuwa Kidanka, Bi. Mwantumu na wale wengine watatu. Hakuna aliyewaita, na hakuna sheria iliyowataka waje. Walimshika Hango mkono mmoja baada ya mwingine, na Bi. Mwantumu alilia kwa sauti hadi wanawake tukamshikilia. Kidanka alisema samahani mara nyingi. Hango aliwapokea vizuri. Aliwanawisha mikono yeye mwenyewe, akawaketisha kwenye benchi moja, akahakikisha wamepata nyama.

Vijana waliokaa karibu na moto walivutiwa sana. Kufikiwa msibani na wakubwa wa Dar si jambo dogo. Mmoja wao, mtoto wa jirani, akamsogelea mzee ili amfariji.

"Babu, Mungu amekupa watu. Watano, na wote wamesafiri mpaka huku. Ni waaminifu kweli."

Hango aliwaangalia wale watano kwenye benchi. Walikuwa wakila kutoka sinia moja, wameinamisha vichwa.

"Ni waaminifu," akasema. "Hata mmoja hakuniibia."

Kisha akageuza uso upande wa makaburi, kwenye udongo ambao ulikuwa haujakauka, na alipomrudia yule kijana machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Mwanangu," akamwambia, "usihesabu wachungaji, uliza malisho."