Jini Aliyelamba Jiwe la Kusagia

Niilete hadithi? Naileta, ingawa inaniuma.

Zamani jiwe la kusagia la kijiji chetu lilizungushwa na jini. Chakula chake kilikuwa unga uliobaki juu ya jiwe, akiulamba watu wakishaondoka.

Msagaji, Bi Mwanakheri, alipenda usafi kupita kiasi. Harusi ya mwanawe ilipokaribia, akalifagia jiwe.

"Mama, umenibakishia nini?" jini akauliza.

"Ngoja, nina wageni!"

Kesho yake akafagia tena.

"Mama, umenibakishia nini?"

"Usinichafulie hapa!"

Siku ya tatu jini hakuuliza. Jiwe lilikuwa limesimama.

Bi Mwanakheri akamwaga unga wa harusi wote juu yake, akaita mpaka sauti ikamkauka. Unga ukaota ukungu.

Mpaka leo tunatwanga kwa mikono, wanangu, na lile jiwe hakuna anayethubutu kulifagia.