Kifungu cha Tisa Kilivyosomwa Darasa la Nne

Hadithi hii nimeletewa na shemeji yangu, mtu ambaye hatumi kitu ila picha za ng'ombe anaouza. Nikajua hii ina uzito. Isome polepole, kisha umpelekee yule ndugu yako anayesema katiba ni mambo ya wakubwa.

Palikuwa na jimbo moja la bara lililoitwa Isangamalo. Watu wake hawakuwa na dhahabu wala bandari, lakini walikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nao walijivunia bila haya. Katiba yao haikukaa ikulu. Ilikaa shule ya msingi, katika kabati la darasa la nne, pamoja na chaki na kengele ya mkono.

Wazee walioiandika waliweka na sharti. Mtu akitaka kubadilisha kifungu, mabadiliko yake yatasomwa hadharani na mwanafunzi wa darasa la nne ambaye jina lake limetolewa kibuyuni. Mwanafunzi huyo atayaeleza kwa maneno yake mwenyewe, kisha atatia sahihi. Ndipo watu wapige kura kwa kunyoosha mikono. Wazee walisema, sheria ambayo mwanafunzi wa darasa la nne haielewi, kuna mtu ameficha kitu ndani yake.

Sasa, gavana wa wakati huo aliitwa Mihambo. Hakuwa mtu mbaya, ila uchaguzi ulikuwa unanukia na washauri walikuwa wamemkaa masikioni. "Mheshimiwa," walimwambia, "waguse watu kwenye dini, watakufuata wote."

Katika jimbo lile palikuwa na dini ya wengi na dini ya wachache. Usiniulize ni zipi. Weka unazozijua, hadithi haitabadilika.

Kifungu cha tisa cha katiba kilikuwa kifupi, hata watoto walikiimba wakiruka kamba: "Shule ya umma ni ya kila mtu, na dini ya mtu ni yake." Gavana akaandika kipya mahali pake: "Kwa ajili ya kudumisha utulivu wa malezi, mwanafunzi wa shule ya umma atafundishwa na mwalimu, na ataketi na wanafunzi, ambao imani zao zinawiana na imani ya nyumbani kwake."

Kizuri kusikia, sivyo? Lakini Mwalimu Nyamizi alipokisoma ubaoni, alikaa chini. Yeye alikuwa wa dini ya wachache, na darasa la nne lilikuwa lake. Alilichukua tangu la kwanza akapanda nalo. Kifungu kikipita, shule itabaki ya wengi, na ataondoka yeye na watoto kumi na tisa wa dini yake. Shule nyingine ya kuwapokea haikuwepo, si kwa mwendo wa siku nzima. Akaanza kukusanya vitabu vyake ndani ya sanduku, kimoja kimoja, kama mtu anayetarajia mtu aje amzuie.

Siku ya kusomwa ikafika. Watu walijaa uwanja wa shule tangu asubuhi. Darasa la nne walisimama mbele kwa mistari, wanafunzi arobaini na watatu, mmoja wao mrefu kuliko mwalimu. Gavana akatia mkono kibuyuni, akatoa kikaratasi, akakisoma. Akakisoma tena.

"Kalunde binti Shija," alisema, na sauti ilikuwa imepungua.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana Kalunde binti Shija alikuwa mama yake mzazi.

Ilikuwa hivi. Miaka minne nyuma, siku Mihambo alipochaguliwa, bibi huyu alimpigia kura mwanawe kwa kuchovya kidole gumba katika wino. Karani akampa kitambaa ajifute. Bibi alirudi nyumbani akikitazama kile kidole. Mwanangu anakwenda kuandika sheria, alijiambia, na mimi siwezi kuandika jina langu!

Jumatatu yake alikuwa shuleni. Wakamwambia lipo darasa la watu wazima la jioni. Akajibu kwamba jioni anapika. Basi akaanza la kwanza na watoto, akashonewa sare, blauzi nyeupe kama wenzake, ila badala ya sketi alifunga kanga. Alipewa dawati moja na Milembe, binti wa fundi cherehani, mtoto wa dini ya wachache. Bibi akiruka mstari, Milembe alimgusa kiwiko. Mwanawe alijua kwamba mama anakwenda shule. Alidhani ni mchezo wa uzeeni, hakuwahi hata kufungua daftari lake.

"Huyu si mtoto," Gavana alisema.

"Mheshimiwa, katiba inasema mwanafunzi," alijibu Mwalimu Nyamizi. "Na tangu mwaka uanze hajakosa siku hata moja. Kuna watoto humu hawawezi kusema hivyo."

Gavana akamwinamia mama yake, akanong'ona. "Mama, sema macho yanakusumbua. Sema kusoma hujui vizuri. Tutatoa jina jingine."

Bibi Kalunde masikio yake yalikuwa mazito kidogo, na watu wa namna hiyo hujibu kwa sauti. "Mihambo! Miaka sitini na mitatu nilisema sijui kusoma, na ilikuwa kweli. Leo unataka niseme uongo?"

Hakuna aliyecheka. Bibi akapokea karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza.

Alisoma taratibu. Alipita "kudumisha," akapita "utulivu." Alipofika "zinawiana" akakwama. Mwalimu Nyamizi aliuma mdomo, maana kumsaidia ni marufuku. Milembe alikuwa amekaza kiwiko chake mwenyewe. "Zi," alisema bibi. "Zi-na. Zi-na-wi... zinawiana!" Uwanja ukashusha pumzi pamoja naye, na wapo waliopiga makofi, hata wale waliokuja kukiunga mkono kifungu.

"Sasa eleza, Mama," alisema Gavana.

Bibi akakunja karatasi kidogo. "Maneno ni mengi, maana ni fupi. Milembe anyanyuke kwenye dawati langu. Mwalimu Nyamizi afungashe. Watoto kumi na tisa wakachunge mbuzi. Nimekosea, Mwalimu?"

"Hujakosea, Bibi."

"Basi nina la kuongeza." Akamgeukia mwanawe. "Baba, mimi na wewe tunasali pamoja. Dini ya nyumbani kwetu nimekufundisha mimi, na sijaiacha. Mwalimu huyu miaka minne hajaigusa. Nikitoka kwenda kusali, hafuti ubao mpaka nirudi. Sasa nisikilize. Kifungu hiki kingekuwa sheria mwaka ule nilipoanza, mwalimu wangu angekuwa ameshafukuzwa na mtoto wa kunigusa kiwiko asingekuwepo. Leo ungenipa karatasi hii, nami ningekuomba wino nitie kidole."



Bibi akaomba kalamu. Akaweka karatasi juu ya mgongo wa Milembe, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, bila haraka, watu elfu wakimsubiri. Kisha akamkabidhi mwanawe.

Karani akauliza nani anakikubali kifungu kipya. Ikanyooka mikono ya washauri, na mmoja wao alipotazama nyuma aliushusha wake. Akauliza nani anakikataa. Wallahi, shemeji yangu anasema uwanja ulisimama kama shamba la mtama. Watu wa dini ya wengi ndio waliotangulia.

Wengine husimulia kwamba Gavana naye alinyoosha mkono kukikataa kifungu chake mwenyewe. Si kweli. Hakunyoosha, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ile karatasi. Hakuwa anatazama kifungu. Alikuwa anatazama pale chini.

"Mama," alisema, "huu ni mwandiko wako?"

"Wangu," alijibu Bibi Kalunde. "Hiyo K kubwa ilinisumbua muhula mzima. Sasa sogea, baba, Mwalimu anataka kutoa vitabu vyake sandukuni, na Jumatatu tuna hesabu."

Karatasi ile ipo mpaka leo katika kabati la darasa la nne. Kifungu kimepigwa mstari mwekundu. Jina halijaguswa.

Funzo: Kabla hujatunga sheria ya kumfungia mwenzako mlango wa shule kwa sababu ya dini yake, ulizia kwanza ni nani wa nyumbani kwako aliyefunguliwa macho na mwenzako huyo.