Kibali Kimoja cha Kwamgowe

Sogeeni karibu, na mwenye chai aje na kikombe chake. Hadithi hii kila nikiimaliza watu hugombana, kwa hiyo kama umekuja na mwenzako na leo mmeamka vizuri, kaeni mbalimbali kidogo.

Huko milimani, mahali ambapo mwezi wa Julai hata mbuzi hutetemeka, kuna mji unaitwa Kwamgowe. Hapo palikuwa na kiwanda cha mablanketi ya watoto wachanga. Mwenyewe, Bwana Demir, alitoka Uturuki na mashine zake ndani ya makontena, akajenga, akaajiri kina mama wa mji mzima. Mablanketi mazuri yalivuka bahari kwenda kwa wanunuzi. Yale yenye kasoro, uzi umeruka au pindo limekwenda upande, hayakutupwa. Kila mtoto aliyezaliwa Kwamgowe alipelekewa moja. Watoto wa mji ule wote wamelelewa ndani ya kasoro, na wamenenepa vizuri tu.

Kiwandani walikuwamo watu watatu waliotoka mbali.

Nimal, fundi kutoka Sri Lanka, alijaliwa masikio. Alipita katikati ya mashine mikono nyuma, kama mtu anayetembelea wagonjwa, halafu akasimama ghafla na kusema ile ya pale inakohoa. Ikifunguliwa, beringi inakutwa imelika.

Tsehay, mama kutoka Ethiopia, alijaliwa macho. Mletee kipande cha uzi kisichozidi kucha, atachanganya rangi mpaka usijue kipi cha zamani na kipi kipya. Buluu ya mablanketi yale ilikuwa yake, na wanunuzi waliitambua kabla hawajasoma jina la kiwanda. Alikuwa na binti anayenyonya, Selam, na saa ya chakula mtoto huyo alipita mikono ya kina mama wote kabla ya kumrudia mama yake.

Ndayizeye alijaliwa ulimi. Alitoka Burundi mgongoni mwa mama yake, mdogo kiasi kwamba hakumbuki chochote cha huko. Mama huyo amezikwa Kwamgowe. Kisambaa alikisema kuwashinda Wasambaa, na watu waliokuwa hawasalimiani akikaa nao nusu saa waliinuka wakicheka. Karatasi za ukaazi hakuwa nazo. Nani angemwuliza? Walikuwa wamemzoea.

Sasa sikilizeni matatizo yalivyoingia.

Kwanza, nchi ya wanunuzi ilitangaza ushuru mpya. Mzigo utakaofika baada ya mwaka mpya utatozwa kodi nzito, na kwa bei hiyo hakuna atakayeununua. Bwana Demir aliwakusanya kina mama, akawaambia bila kuficha kwamba mzigo ukichelewa atahamisha kiwanda. Mashine zilikuja kwa kontena, na kwa kontena zinaweza kuondoka. Mama Zauda, msimamizi wa washonaji, alirudi nyumbani siku hiyo akashindwa kula, maana mji mzima ulikuwa unakula kwa mashine zile.

Pili, wiki hiyohiyo, gari la Uhamiaji likasimama getini. Mlinzi, Mzee Shekiondo, alidhani ni wanunuzi. Basi akafanya walivyozoea Kwamgowe kila akija mtu mkubwa: waliotoka mbali huketishwa mbele, kwenye viti vizuri, na kutajwa sifa zao. Akawaita Nimal, Tsehay na Ndayizeye, akawapanga mbele ya maofisa, akawasifu mmoja mmoja, huyu katoka wapi na huyu katoka wapi. Maofisa hawakuwa na haja ya kupekua hata chumba kimoja. Maskini Mzee Shekiondo, alipogundua alikaa chini kwenye changarawe na kofia yake usoni.

Aliyewaongoza, Afisa Kisanga, hakuwa mtu mbaya, msije mkamtukana. Vibali vya Nimal na Tsehay vilikuwa vimekwisha muda, na Ndayizeye hakuwahi kuwa nacho. Sheria ilisema kiwanda cha ukubwa ule kipewe kibali cha mfanyakazi mgeni mmoja tu.

"Mdogo wangu ana cheti cha ufundi na anauza vocha barabarani," alisema. "Kwa ajili ya watu kama yeye ndiyo sheria hii ikatungwa. Nitawasubiri mpaka mzigo uondoke. Siku hiyo nitarudi na kibali kimoja, na wawili watakaokikosa wataondoka nchini."

Habari ikatambaa mji mzima. Washonaji wengi walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka miaka mingi iliyopita, wakaolewa huku. Waliposikia Uhamiaji wameingia, wakakimbilia kwenye mashamba ya chai, wasitokee kazini.

Na mambo yakiharibika huharibika kwa pamoja. Mashine kubwa ya kufuma ikasimama. Nimal alilala chini, sikio kwenye chuma, akaagiza izungushwe kwa mkono polepole, mara nyingine, na nyingine tena. Kisha akaweka kidole mahali pamoja. Walipofungua hapo wakakuta jino la gia limevunjika. Akalichonga jipya, mashine ikaamka.

Nyuzi zilikuwapo, lakini rangi ikakwama bandarini, kwani nchi yetu nayo ilikuwa imepandisha ushuru wa rangi za nje. Tsehay akasuuza mapipa ya zamani yote, akakusanya mabaki, na mwanawe mgongoni akachanganya na kumwaga, akachanganya na kumwaga, mpaka buluu ileile ikatokea.

Mablanketi yakawa tayari, mapindo bado, na vyerehani havina watu. Hapo Ndayizeye akatoka. Yeye ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kujificha, lakini alipita katikati ya michai jua likiwaka, akiwaita wale wanawake kwa majina.

"Mimi sina hata karatasi ya kufungia karanga," aliwaambia, "na nimekuja mchana, kwa miguu. Twendeni tukashone."

Wakatoka mmoja mmoja, wakamfuata.

Mzigo ukaondoka na ukawahi meli. Bwana Demir, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alilia, akasema mashine hazitoki Kwamgowe. Vigelegele vilikuwa havijatulia gari la Afisa Kisanga lilipofika na kibali kimoja, nafasi ya jina ikiwa wazi.

Bwana Demir alikiangalia, akampa Mama Zauda. Alisema Nimal akiondoka mashine zitanyamaza moja baada ya nyingine. Tsehay akiondoka wanunuzi hawataijua buluu yao. Ndayizeye akiondoka washonaji watarudi kujificha kwenye michai. "Mimi nimewaajiri," alisema. "Wewe umeishi nao. Andika wewe."

Mama Zauda akawatazama. Aliwapenda wote watatu, na hakuna aliyempenda nusu.

Nimal alisema aondolewe yeye, mkewe anamsubiri kwao. Ila ile mashine ya tatu wasiiache ikohoe muda mrefu. Alijua hakuna mwingine atakayeisikia.

Tsehay alikuwa anamtazama Selam, na safari ya kwao ilikuwa ndefu kwa mtoto wa umri ule.

Ndayizeye, mwenye ulimi, safari hii alisema kidogo.

"Mnataka niwe muungwana, nimwachie mwenzangu. Mama Zauda, mimi ninakitaka. Mnanirudisha wapi? Na kaburi la mama atalifagia nani?"

Selam akaanza kulia kwa baridi. Mama Zauda akampokea, akavuta blanketi lililokuwa karibu, akamfunika. Lilitoka kwenye mzigo uleule, limebaki kwa sababu pindo lake lilikuwa limepinda kidogo. Akalitazama: limefumwa kwa masikio ya Nimal, lina buluu ya Tsehay, na pindo lake limeshonwa na mikono aliyoirudisha Ndayizeye. Mtoto akanyamaza, akalala.

Mimi jibu langu ninalo, na hulibadilisha kila nikishika mtoto mchanga. Kwa hiyo msiniulize.

Gari la Afisa linanguruma nje. Mtoto yuko mkono wa kushoto wa Mama Zauda, kalamu iko mkono wa kulia, na nafasi ni ya jina moja. Haya, wewe uliyemaliza chai, pokea kalamu. Ungeandika jina la nani?